Twiga wa Malindi, Panya wa Wei

Ujumbe wa China ukitua Nairobi au Dar es Salaam, hotuba haziendi mbali kabla twiga hajatajwa. Ni yule twiga wa Malindi aliyevushwa bahari na kufikishwa mbele ya Kaizari Yongle wa nasaba ya Ming mwaka 1415. Mwenyeji humtaja kwa fahari, mgeni humtaja kwa bashasha, ukumbi hupiga makofi, kisha watu hurudi kwenye mambo ya reli, bandari na mikopo. Hata huku Washington nimemsikia akitajwa, kwenye makongamano ambako Waafrika na Wachina hukaa mbele na Wamarekani hukaa nyuma wakiandika.

Hadithi yenyewe ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba tunaisimulia nusu. Tunasema twiga alipelekwa, akapokelewa kwa taadhima, kwa hiyo sisi na Wachina ni marafiki wa karne sita. Hatusemi alipokelewa kama nani. Siku ile, mbele ya wakuu wote wa dola, aliyeingia langoni kwa macho yao alikuwa qilin.

Qilin ni mnyama wa vitabuni. Maandishi ya kale ya China yanampa mwili wa paa, mkia wa ng'ombe na pembe moja ambayo ncha yake imefunikwa kwa nyama ili isimjeruhi mtu. Hakanyagi kiumbe hai wala nyasi mbichi. Na hajitokezi ovyo: huonekana pale tu kiti cha enzi kinapokaliwa na mtawala mwema. Ile tarikhi ya dola ya Lu ambayo jadi inamnasibisha nayo Confucius ina habari ya qilin aliyenaswa na wawindaji mwaka 481 kabla ya Kristo. Wafafanuzi wa kale wanasimulia kwamba mzee alipopata habari hiyo alilia, kwa sababu mnyama wa zama njema alikuwa ametokea katika zama mbovu, tena mikononi mwa watu wasiomjua. Miaka miwili baadaye Confucius mwenyewe akafariki.

Sasa mtazame Yongle. Mwaka 1402, baada ya vita ya miaka mitatu, alimpokonya kiti mtoto wa kaka yake. Mji mkuu, Nanjing, ukaingiwa, ikulu ikateketea, na yule kijana hakuonekana tena. Mtu aliyeketi juu ya kiti cha namna hiyo anahitaji ushahidi kutoka mbinguni, na mashahidi wa mbinguni, kwa mujibu wa vitabu, ni wanyama. Merikebu za amiri Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, zilianza safari zake saba mwaka 1405. Mwaka 1414 Sultani wa Bengal akampelekea kaizari twiga, na mwaka uliofuata akafika yule wa Malindi. Shen Du, mwandishi mwenye hati nzuri katika baraza la wasomi wa ikulu, alimtungia twiga wa Bengal utenzi wa sifa, na mchoro ukachorwa. Nakala ya mchoro huo iko Taipei, na nyingine iko kwenye jumba la sanaa la Philadelphia, mwendo wa treni wa takriban saa mbili kutoka hapa. Mnyama amesimama kimya, shingo juu, madoa yake yamepangika kwa unadhifu ambao twiga wa Tsavo hana. Aliyemshika kamba anaonekana mdogo kando yake.

Usidhani watu wale hawakujua walichokuwa wakikiona. Mwaka 1431 Zheng He na wenzake walisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, mkoa wa Fujian, wakaorodhesha wanyama walioletwa na nchi za ng'ambo. Penye qilin wameongeza kwamba wageni humwita zulafa. Hilo ni zarafa la Waarabu, limepita kwenye midomo ya mabaharia hadi likatua kwenye jiwe la Kichina. Kwa hiyo jina lake la sokoni lilijulikana, ila ikulu haikulihitaji.

Wala kumwita qilin hakukuwa upumbavu. Ukimtazama twiga kwa karibu utaona vipembe vyake vimevikwa ngozi na manyoya hadi nchani. Kwenye bustani ya wanyama ya Baltimore, watoto wa huku hupelekwa kuwalisha twiga majani, na kipembe kikiwa sentimita chache kutoka usoni mwako unaelewa kwa nini msomi aliyekariri vitabu aliona kile alichokariri: pembe yenye nyama, mnyama mkubwa asiyeua, asiyekula ila majani. Kitabu na mnyama viligongana mahali pamoja, na kitabu ndicho kilichoshinda.

Yongle naye alikuwa mjanja kuliko wapambe wake. Wakuu walipotaka kumwandikia risala ya pongezi kwa twiga wa kwanza, alikataa, akawaambia kwa maana kwamba nchi ikiwa na amani, kukosekana kwa qilin hakuharibu kitu, na wao washughulikie kazi zao. Huo ni unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kupata alichotaka. Mwaka uliofuata alitoka mwenyewe hadi lango la ikulu kumpokea wa Malindi.

Jiulize basi Malindi iko wapi katika sherehe hiyo. Haipo. Kumbukumbu za Ming zinaitaja kama nchi iliyoleta zawadi ya utii, na heshima yote ikaenda kwa kaizari ambaye wema wake ulimvuta mnyama kutoka upeo wa dunia. Kwa maandishi yale, aliyemleta qilin ni fadhila za Yongle. Waliomkamata nyikani, waliompakia chomboni na waliomtafutia majani katikati ya bahari hawamo. Tunapoisimulia habari hii leo kama ushahidi wa urafiki wa watu sawa kwa sawa, tunakariri risala ya ikulu na kuiita historia yetu.

Hiyo ndiyo nusu tunayoijua. Nusu ya pili imo katika fasihi ileile, na kwangu ndiyo tamu zaidi.

Confucius aliwahimiza wanafunzi wake wasome Kitabu cha Nyimbo, mkusanyiko wa tungo 305, nyingi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 2,500. Katika faida alizozitaja, mojawapo ilikuwa kwamba msomaji atajifunza majina mengi ya ndege, wanyama, majani na miti. Mtu anaweza kuiona faida hiyo kuwa ndogo kwa mwalimu wa maadili. Lakini katika kitabu kile jina la ndege si mapambo. Wimbo wa kwanza unaanza na ndege wa mtoni wanaoitana kwenye kisiwa, na wafafanuzi wa enzi za nasaba ya Han wakawafanya ndege hao kuwa kielelezo cha mwenendo wa malkia, kwa madai kwamba dume na jike lake hujistahi. Nakiri uvumilivu wangu kwa wafafanuzi hao ni mdogo. Wimbo wa kijana anayekosa usingizi kwa ajili ya msichana wameugeuza darasa la unyago wa ikulu. Hata hivyo bila wao tusingejua jinsi wasomi wa miaka 2,000 walivyofundishwa kusoma: ukiona ndege, uliza ni nani.

Kisha kuna panya. Wimbo wake umo katika tungo za jimbo la Wei. Mkulima anamsihi panya mkubwa asiendelee kula nafaka yake, anamkumbusha kwamba amemlisha miaka mitatu bila kupata hisani yoyote, na anamwarifu kwamba anafungasha kwenda nchi nyingine yenye raha. Hakuna mahali katika wimbo ule panapotajwa mtawala wala kodi. Hapakuhitajika. Dibaji ya kale inasema wazi kwamba panya ni mtawala anayewakamua watu, na kila mtoto wa shule aliyefundishwa kitabu hiki kwa ajili ya mtihani wa utumishi wa serikali alijua hivyo. Fikiria maana yake: maofisa wa kodi wa dola kubwa kuliko zote za zama zile walipata kazi kwa kukariri wimbo unaowaita panya.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa na serikali ya Kenya kuanzia mwaka 1969 kwa kuandika waraka uliouliza nchi inakwenda wapi, ana shairi lenye jina "Mamba" katika Sauti ya Dhiki, na hajatokea mwalimu wa fasihi anayedhani linazungumzia mnyama wa mtoni. Fortunatus Kawegere alipotupa Shamba la Wanyama kwa Kiswahili mwaka 1967, wasomaji hawakuuliza nguruwe ni akina nani. Walitazamana tu. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na panya wa Wei tungemgangua siku ya kwanza, laiti tungeletewa.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba kwa karne sita mnyama tunayetajiwa ni yule wa kusifu mfalme.

Washington ni mahali pazuri pa kuisoma nusu hiyo nyingine, kwa sababu ambayo haihusiani na siasa zake. Charles Lang Freer, tajiri wa Detroit aliyepata mali kwa kutengeneza mabehewa ya reli, aliliachia taifa la Marekani mkusanyo wake wa sanaa za Asia, na jumba lenye jina lake likafunguliwa mwaka 1923. Limo kando ya uwanja mkuu wa kitaifa, hatua chache kutoka kituo cha treni cha Smithsonian. Kando yake kuna bustani, na chini ya bustani, tangu mwaka 1987, kuna majumba mawili pacha yaliyochimbiwa ardhini: moja la sanaa za Asia, jingine la sanaa za Afrika. Juu ya ardhi la Waasia lina mapaa yenye pembe, la Waafrika lina makuba. Kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake unavuka vitanda vya maua.

Katika hazina ya Freer kuna mchoro mdogo wa wino juu ya karatasi, usiofikia nusu mita kwa urefu, uliochorwa na Zhao Mengfu karibu mwaka 1300. Karatasi ya umri huo haivumilii mwanga, kwa hiyo haitundikwi kila siku. Lakini picha yake iko kwenye tovuti ya makumbusho, na unaweza kuikuza mpaka uhesabu nywele. Wamo wanyama wawili tu, bila mti, bila jiwe, bila ardhi. Mmoja ni mbuzi mwenye manyoya marefu yaliyochorwa kwa mstari mmoja mmoja wa wino mkavu, kichwa ameinamisha. Wa pili ni kondoo wa mviringo, ana mabaka ya wino uliochovya maji, kichwa amekiinua kwa namna ya mtu aliyesimama kwenye foleni asiyotaka kujulikana kuwa yumo. Kandokando imejaa mihuri myekundu ya waliowahi kuumiliki, ukiwemo wa Kaizari Qianlong wa karne ya 18. Mchoraji ameandika maneno machache: kwamba amewahi kuchora farasi lakini kondoo na mbuzi hajawahi, kwamba rafiki aliomba, naye akachora alivyowaona. 

Zhao Mengfu alikuwa nani? Alikuwa mzawa wa ukoo wa kifalme wa Song, nasaba iliyoangushwa na Wamongolia mwaka 1279. Na mwaka 1286 alikubali wito wa Kublai Khan, akaenda kumtumikia yeye yule aliyeiangusha nyumba ya mababu zake. Alipanda cheo, akaheshimiwa, na kwa miaka mingi baada yake wasomi walimsema kwa hilo.

Kila Mchina aliyesoma, akiwaona mbuzi na kondoo pamoja, humkumbuka Su Wu. Huyu alitumwa na mfalme wa Han ubalozini kwa wahamaji wa Xiongnu mwaka 100 kabla ya Kristo, akazuiliwa. Alipokataa kubadili utii, walimpeleka kaskazini kwenye baridi kali kuchunga kondoo madume, wakamwambia atarudi kwao siku madume hayo yatakapotoa maziwa. Alikaa miaka 19, akiishikilia fimbo yake ya ubalozi hadi manyoya yake yote yakadondoka. Mwenzake, jemadari Li Ling, alisalimu amri baada ya jeshi lake kumalizwa. Mfalme akaiua familia yake, naye akabaki ugenini hadi kufa. Mwanahistoria Sima Qian alimtetea Li Ling na akahasiwa kwa kumtetea. Mwaka 1968 msomi Chu-tsing Li aliandika makala akiusoma mchoro wa Freer kwa mwanga huo: wanyama wawili, watu wawili, aliyegoma na aliyekubali.

Yupi ni yupi? Mchoraji hakusema. Lugha yenyewe inamsaidia kujificha, kwa kuwa Kichina kina neno moja, yang, kwa kondoo na mbuzi. Sisi lazima tuchague. Wao waweza kuacha mlango wazi. Mimi naamini Zhao alijua anachokifanya, na kwamba yale maneno yake ya kwamba ameombwa tu na rafiki ni ya mtu aliyekaa serikalini muda wa kutosha kujua cha kutoandika. Wapo watakaosema ni kondoo na mbuzi tu. Huenda, lakini wanasahau amekulia katika fasihi gani.

Nalikazia jambo hili kwa sababu ya tunakoishi. Silver Spring, Takoma Park, Alexandria: vitongoji hivi vya Washington vimejaa watu waliotumikia serikali moja na sasa wanatumikia nyingine, au waliokimbia moja na kuapa mbele ya nyingine. Mtanzania akila kiapo cha uraia wa Marekani, uraia wa Tanzania umemponyoka. Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anaweza kubaki na vyote viwili. Kwenye harusi na misiba yetu mjadala huo hauishi, na husemwa kwa maneno makali zaidi kuliko ya Zhao. Nimewaonyesha mchoro ule wazee wawili watatu wa huku kwenye simu yangu, nikawaeleza kisa cha Su Wu. Hakuna aliyeniuliza maana yake. Mmoja aliuliza tu yule kondoo anajivunia nini.

Mwisho wa kisa cha Su Wu unahusu ndege, nao umeacha alama katika ushairi wa China hadi leo. Wajumbe wa mfalme walidai kwamba bata bukini amedunguliwa katika bustani ya ikulu akiwa na barua ya Su Wu mguuni, hivyo Waxiongnu wasingeweza kuendelea kusema amekufa. Ilikuwa hila, nayo ikafanya kazi. Toka hapo bata bukini anayeruka kusini ni barua kutoka kwa mtu aliye mbali, na mshairi akitaja mlio wake usiku, msomaji anajua kuna mtu anayewaza nyumbani bila hilo kuandikwa. Huku kwetu mabata bukini ni kero. Wamejaa kwenye nyasi za uwanja wa kitaifa na kando ya mto Potomac, wanachafua kila kitu, na idara ya hifadhi za taifa imewahi kuleta mbwa wa kuchungia kondoo kuwafukuza. Wengi wao hata hawahami tena. Wamepata nyasi za mwaka mzima, wakaghairi safari, na kwa hilo wanafanana nasi kuliko tunavyopenda.

Mnyama wa Kichina ambaye Washington inamjua ni panda. Wa kwanza wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing, waliletwa Aprili 1972, miezi miwili baada ya ziara ya Rais Nixon Beijing. Wa sasa, Bao Li na Qing Bao, walifika Oktoba 2024, na bustani ya wanyama hulipa China dola milioni moja kwa mwaka kwa ajili yao. Watu hupanga foleni kuwaona na wana haki. Ila fasihi ya kale ya China karibu haimjui panda kabisa. Wasomi bado wanabishana kama mnyama mmoja mwenye rangi nyeupe na nyeusi katika kamusi ya kale ni yeye au mwingine. Umaarufu wake ni wa juzi. Panda ni mnyama aliyekosa kitabu, na qilin ni kitabu kilichokosa mnyama mpaka twiga wetu alipofika.

Haifai kuimaliza habari hii bila Zhuangzi, mwanafalsafa wa karne ya nne kabla ya Kristo, aliyewasuta wafafanuzi wote hao kabla hawajaandika. Kisa kimoja kinamweka darajani na rafiki yake Huizi. Zhuangzi anatazama samaki majini na kusema wanafurahi kweli. Huizi anamkamata: wewe si samaki, umejuaje furaha ya samaki? Nawe si mimi, anajibiwa, umejuaje kwamba sijui? Wanabishana hivyo hadi Zhuangzi anapotoka kwa mzaha. Kila mtu humpa Zhuangzi ushindi; mimi nadhani Huizi alikuwa na hoja ambayo wafafanuzi wa ikulu wangepaswa kuibandika ukutani. Kisa kingine kinamkuta Zhuangzi akivua samaki, wanakuja maofisa wawili wa mfalme wa Chu kumpa madaraka. Anawauliza habari za kasa mtakatifu aliyekufa miaka 3,000 iliyopita, ambaye mfalme amemhifadhi hekaluni ndani ya kasha. Je, kasa yule angependa kuwa mifupa inayoheshimiwa, au kuwa hai akiburura mkia wake matopeni? Matopeni, wanajibu. Basi nendeni, anawaambia, niacheni nami niburure wangu.

Hiyo ndiyo hukumu bora juu ya twiga wa Yongle niliyopata kuisoma, na iliandikwa karne nyingi kabla hajazaliwa.

Kikwazo chetu cha kuyapata haya kwa Kiswahili ni kwamba maneno hayalingani uzito. Kwenye mtaa wa Wachina hapa mjini, pale barabara ya H na ya Saba zinapokutana, kuna lango kubwa la mwaka 1986 lililojaa michoro ya mnyama ambaye kamusi zetu zinamwita joka. Kwa Mchina huyu ni mleta mvua na nembo ya kaizari. Kwa msomaji aliyekulia na Ufunuo wa Yohana, joka ni Ibilisi, na ukitafsiri kwamba mfalme alivaa joho la majoka umemvalisha mfalme jehanamu. Popo naye hushonwa kwenye majoho kwa sababu jina lake kwa Kichina linasikika sawasawa na neno la baraka. Nenda kamweleze hilo Mpemba aliyepitia hofu ya jini Popobawa ya mwaka 1995. Hata punda milia waliopelekwa kutoka Mogadishu, ambao wanatajwa kwenye jiwe lile la Changle, waliandikwa kwa alama zenye maana ya heri. Mtafsiri asiye na maelezo ya pembeni atatupa bustani ya wanyama bila maana yoyote.

Lakini watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Vyuo vya Beijing vinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2005, na Dar es Salaam inayo yake. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake iliwekewa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa kwenye runinga ya taifa ya Tanzania, na mama zetu waliifuatilia kila jioni. Kama fedha na wataalamu walipatikana kwa ugomvi wa wakwe, haviwezi kukosekana kwa Kitabu cha Nyimbo.

Ombi langu kwa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, na kwa wachapishaji wa Nairobi ni hilo: tafsiri ya Kiswahili kutoka Kichina chenyewe, bila kupitia Kiingereza, yenye sherehe ya kila ndege na kila mnyama pembeni mwa ukurasa, kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaimudu. Na kama fedha zitatosha tungo chache tu, qilin anaweza kusubiri. Anzeni na panya.